Virusi vya kilindini: kichujio ndicho kinachoamua utakachokiona

Ukitaja virusi vya bahari kuu mbele ya watu wa Mbeya, swali la kwanza huwa ni kama vitapanda mpaka huku. Havipandi. Vingi mno vinashambulia bakteria na arkea (viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini si bakteria), na kila aina imefungamana na mwenyeji wake hivi kwamba kirusi cha bakteria mmoja mara nyingi hakimgusi hata jamaa yake wa karibu. Swali lenye uzito zaidi ni jingine: tumevijuaje? Hakuna aliyeshuka mita 4,000 na hadubini mkononi. Kila kinachosemwa kuhusu virusi hivyo kimepitia kwenye chupa, kichujio, dawa ya kuhifadhia, rangi na lenzi, na kila kituo kati ya hivyo huacha kitu nje. Kwa hiyo hapa kazi ya mikono inatangulia maajabu. Tunaieleza kwa ajili ya walimu, wanafunzi na mafundi wa maabara wa Nyanda za Juu Kusini, ambako bahari iko mbali lakini Ziwa Nyasa, lenye kina cha karibu mita 700, liko hapo Matema.

Kwa miaka mingi virusi vya majini vilihesabiwa kwa madoa: unamwotesha bakteria kwenye sahani ya agari (rojo iliyoganda ya kuoteshea vijidudu), unamwagia maji, unahesabu mahali palipokufa. Njia hiyo ilitoa idadi ndogo, na watu wakaamini kuwa bahari haina virusi vya kuhangaikia. Kasoro ilikuwa wazi ukiifikiria: bakteria wengi wa baharini hawaoti kwenye sahani kabisa, na asiyeota hawezi kuonyesha doa. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, waliyaweka maji chini ya hadubini ya elektroni na kuhesabu chembe moja moja. Walikuta hadi milioni 250 kwa mililita katika maji ya asili. Leo makadirio ya kawaida ni kama milioni 10 kwa mililita kwenye maji ya juu ya bahari, na kati ya laki moja na milioni moja kule chini gizani. Kwenye mashapo ya sakafu ya bahari idadi hupanda tena, mamia ya mamilioni kwa gramu moja.

Kazi ya virusi huko chini ni kubwa kuliko huku juu. Mwaka 2008 Roberto Danovaro wa Italia na wenzake walichapisha vipimo vya mashapo ya bahari mbalimbali za dunia. Kwa jumla, asilimia 80 ya mazao ya bakteria na arkea wanaoishi humo yalikuwa yanaangamizwa na virusi, na chini ya mita 1,000 karibu mazao yote yalikuwa yanaishia hivyo. Maana yake ni hii: bakteria anayeliwa na mdudu hupanda ngazi ya chakula, mdudu akaliwa na mnyoo, mnyoo akaliwa na samaki. Bakteria anayepasuliwa na kirusi hapandi popote. Anamwagika kuwa mchuzi wa protini na asidi nukleiki, na mchuzi huo hunywewa na bakteria wenzake. Kwa wanyama wa kilindini hiyo ni hasara. Kwa bakteria ndiyo posho, kwa sababu kinachoanguka kutoka juu ni kidogo na kimeshachakaa njiani. Kazi hiyo ilikadiria kaboni inayomwagwa namna hii duniani kuwa kati ya gigatani (mabilioni ya tani) 0.37 na 0.63 kwa mwaka. Miaka minane baadaye kundi hilohilo lilionyesha kuwa arkea ndio wanaopigwa zaidi: ni sehemu ndogo ya uhai wa mashapo, lakini hufikia theluthi moja ya wanaouawa.

Sasa chupa. Sampuli za maji ya kilindini huchukuliwa kwa chupa za Niskin, za lita 10 au 12, zilizofungwa kwa duara kwenye fremu ya chuma inayoshushwa na winchi. Chupa hushuka zikiwa wazi pande zote mbili, na fundi huzifunga moja moja kwa amri ya umeme fremu inapopanda. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa takriban angahewa moja, kwa hiyo maji ya mita 4,000 yamebanwa kwa angahewa 400, na yanafika sitahani yakiwa na moja. Chembe ya kirusi yenyewe huhimili safari hiyo. Mwenyeji wake ndiye anayeteseka: bakteria aliyezoea mgandamizo hudhoofika, wengine hupasuka, na aliyekuwa amebeba kirusi kilicholala anaweza kukiamsha njiani. Ukichelewa kuhifadhi, unahesabu virusi vilivyozaliwa ndani ya chupa. Zipo chupa zinazotunza mgandamizo hadi juu, ni ghali na hubeba maji kidogo. Asiye nazo ahifadhi sampuli ya kuhesabia mara tu chupa inapofunguliwa, kabla hajagusa kazi nyingine yoyote.

Kuhifadhi ni kwa glutaraldehaidi hadi asilimia 0.5 ya mwisho. Ukiwa na glutaraldehaidi ya asilimia 25, mikrolita 20 kwenye mililita moja ya sampuli zinatosha. Acha dakika 15 hadi 30 kwenye nyuzi 4, kisha tumbukiza kichupa kwenye nitrojeni kimiminika, halafu kihamie kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Wengi hukosea hapa kwa kuiga taratibu za bakteria: wanaweka dawa, wanaacha vichupa kwenye friji ya kawaida na kurudi wiki ijayo. Virusi hupungua kwa kasi kwenye friji hata vikiwa na dawa, na kinachobaki hakielezi kilichokuwepo. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri nayo haifai, kwa sababu inagandisha polepole.

Nitrojeni isikutishe. Ni ileile inayobeba mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa Rungwe na Njombe, na mtungi wake ndio huohuo. Tumia vichupa vilivyotengenezwa kwa baridi hiyo tu, maana kichupa cha kawaida kikiingiza nitrojeni hupasuka kinapotolewa. Na mtungi usisafiri ndani ya gari lililofungwa vioo: nitrojeni inayovukiza hufukuza oksijeni bila harufu wala onyo. Glutaraldehaidi nayo hufanyiwa kazi chini ya feni ya kutolea hewa, si juu ya meza ya darasa.

Kuhesabu ni kazi ya subira, na tunaona ndiyo kazi bora ya kumfunzia kijana maabara. Unahitaji kichujio cha oksidi ya alumini chenye matundu ya mikromita 0.02 na kipenyo cha milimita 25. Kilaze juu ya kichujio cha selulosi cha mikromita 0.8 kilicholowanishwa, ili mvuto wa pampu usambae sawasawa. Maji ya juu yanatosha mililita moja. Ya kilindini weka mbili hadi tano. Mvuto usizidi kilopaskali 20. Kichujio kikishakauka, kiweke juu ya tone la mikrolita 100 la rangi ya SYBR Green I, upande wenye sampuli ukiwa juu, dakika 15 gizani. Rangi inapunguzwa mara 400 kutoka kwenye chupa ya kiwandani: tengeneza kwanza ya mara 10, kisha chukua mikrolita 2.5 zake kwenye 97.5 za maji yaliyochujwa kwa 0.02. Futa unyevu wa chini, weka kichujio kwenye slaidi na tone la nusu gliserini nusu bafa ya fosfeti (maji yanayotunza pH), lenye asilimia 0.1 ya parafenilinidiamini ya kuzuia mng'ao usififie. Dawa hiyo ikigeuka kahawia imekufa, mwaga.

Chini ya mwanga wa buluu, kwa ukuzaji wa mara 1,000, bakteria huonekana kama vidonge vya kijani na virusi kama vumbi la nukta. Hesabu angalau nyanja 10 (uwanja ni eneo unaloliona kwa mara moja kwenye lenzi) na nukta 200 kwa jumla. Tuseme eneo linalopitisha maji lina kipenyo cha milimita 19, yaani milimita za mraba 283.5, na kila uwanja wako ni mraba wa mikromita 100 kwa 100, yaani 0.01. Kichujio kina nyanja 28,350. Ukipata wastani wa nukta 35 kwa uwanja baada ya kupitisha mililita 2, jibu ni 35 mara 28,350 gawa kwa 2: karibu 496,000 kwa mililita. Kabla hujaandika namba hiyo, toa hesabu ya kichujio tupu kilichopitishiwa maji safi ya 0.02 kwa rangi ileile siku ileile. Bila kichujio tupu, hesabu yako ya maji ya kilindini haina thamani, kwa sababu virusi ni vichache na uchafu wa rangi unaweza kuwa sehemu kubwa ya nukta.

Nukta nyingine si virusi. Bakteria wa baharini humwaga vifuko vidogo vya utando, na vingine hubeba DNA inayong'aa. DNA iliyo huru nayo inang'aa, ingawa hiyo unaweza kuipunguza kwa kimeng'enya cha kuikata kabla ya kupaka rangi. Upande wa pili, kuna virusi vinavyokosa kuonekana: vyenye RNA, na vyenye uzi mmoja mwembamba wa DNA, hung'aa kidogo mno. Mfano mzuri ni SW1, kirusi chenye umbo la uzi kinachoishi ndani ya bakteria Shewanella piezotolerans WP3, aliyetolewa kwenye mashapo ya Pasifiki ya magharibi, mita 1,914 chini. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni ya uzi mmoja, haizidi herufi 8,000, na hakimpasui mwenyeji: kinatoka kikimwacha hai. Jeni zake huamka zaidi kwenye baridi ya nyuzi 4 kuliko kwenye joto la kawaida la maabara. Anayeweka sahani zake kwenye inkubeta ya nyuzi 25 anakikosa kwa joto, anayetegemea rangi anakikosa kwa mng'ao, na anayesubiri bakteria wapasuke atasubiri sana.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la kichujio cha mikromita 0.22. Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa rahisi: kinachopita ni kirusi, kinachobaki ni bakteria. Ni sawa na mtu anayechekecha unga wa mahindi, anatupa kilichobaki juu ya chekeche, kisha anatangaza kuwa mahindi hayana pumba. Mwaka 2018 watafiti wa Brazili na Ufaransa walitangaza Tupanvirus, aina mbili: moja kutoka ziwa la magadi la Brazili, nyingine kutoka mashapo ya bahari ya mita 3,000. Urefu wake ni kama mikromita 1.2, na kwa baadhi ya chembe mkia hufikisha 2.3. Kina jenomu ya takriban herufi milioni 1.5 na seti ya vimeng'enya vya kuunganisha asidi amino zote 20, kitu ambacho kirusi hakikutarajiwa kuwa nacho. Kinashambulia amiba. Kingechujwa kwa 0.22 kingetupwa pamoja na bakteria, na hakuna ambaye angejua. Kwa hiyo ushauri wetu: usitupe kichujio cha kwanza. Kikunje, kigandishe, kiandike tarehe na kina.

Kwa anayetaka jenomu badala ya idadi, mililita mbili hazitoshi. Zinahitajika lita 20, na virusi vyake vikusanywe kwenye mililita chache. Zamani hilo lilifanywa kwa vichujio vya mtiririko wa pembeni, mashine ya gharama inayopoteza virusi vingi kwenye mabomba yake. Mwaka 2011 ilichapishwa njia ya chuma, ambayo hurejesha zaidi ya tisa kwa kumi ya virusi na gharama yake ni ya kemikali za kawaida. Yeyusha gramu 4.83 za feri kloridi yenye maji sita kwenye mililita 100 za maji safi. Hiyo ni gramu 10 za chuma kwa lita. Kwenye lita 20 za maji yaliyokwisha kuchujwa kwa 0.22, weka mililita moja, tikisa dakika moja, weka mililita ya pili, tikisa tena. Acha saa moja. Chuma hugeuka chembe za kutu, na virusi hushikamana nazo. Chuja kwa polikaboneti ya mikromita 1.0, weka vichujio kwenye chupa ya plastiki na vikae kwenye nyuzi 4 gizani.

Kuvitoa kwenye kutu ndiko kwenye mitego. Bafa ina EDTA molari 0.1, magnesi kloridi molari 0.2 na asidi askobiki molari 0.2, pH 6.0, mililita moja kwa kila miligramu ya chuma. Kwa lita 20 hizo ni mililita 20. Askobiki hubadili chuma kiyeyuke, EDTA hukikamata, magnesi hulinda maganda ya virusi yasisambaratishwe na EDTA hiyohiyo. Tengeneza bafa siku unayoitumia, kwa sababu askobiki iliyolala imekwisha oksidika na haifanyi kazi. Ukisahau magnesi, utabaki na DNA iliyomwagika na maganda matupu. Zungusha polepole usiku kucha kwenye nyuzi 4. Asubuhi bado kukiwa na madonge ya rangi ya chungwa, ongeza bafa mbichi, usiongeze joto.

Elewa kemia hiyo vizuri, kwa sababu kwenye Ziwa Nyasa inakugeukia. Maji ya ziwa hayachanganyiki hadi chini; kupita kina cha mita 200 hadi 250 hakuna oksijeni, na maji ya namna hiyo mara nyingi hubeba chuma kilichoyeyuka. Yakifika juu na kuguswa na hewa, chuma hicho hugeuka kutu chenyewe, kinakamata virusi na kuzama navyo chini ya ndoo. Mtu anachota maji ya juu ya ndoo, anahesabu, anaandika kuwa kilindi cha Nyasa ni maskini wa virusi. Kinga yake ni kutoa maji kwenye chupa kwa mpira unaofika chini ya kichupa, kukijaza mpaka kimwagike, na kuweka glutaraldehaidi papo hapo. Ukiona rangi ya chai imeanza, tikisa kabla ya kuchota.

Tofauti nyingine na bahari ni joto. Kilindi cha bahari kina nyuzi 2 hadi 4, chini ya Nyasa ni kama 22 au 23. Virusi vilivyo nje ya mwenyeji huharibika upesi zaidi kwenye joto, basi usitumie viwango vya baharini kukadiria vya ziwani. Mgandamizo nao ni wa angahewa 70 tu hata sakafuni, hivyo tatizo la kupandisha sampuli ni dogo. Kinachosumbua ni kamba. Mtumbwi unasukumwa na upepo wa kusini, hasa kati ya Mei na Agosti, na kamba inalala. Kamba ya mita 300 iliyoinama nyuzi 30 kutoka wima imefika mita 260, si 300, na hapo ndipo mpaka wa oksijeni ulipo karibu. Kosa hilo linaweza kukuvusha upande wa pili wa mpaka. Pima pembe, au funga kipima kina chenye kumbukumbu kwenye chupa.

Kwenye matundu ya maji moto ya bahari kuu, virusi havimalizii kwenye kuua. Mwaka 2014 ilionyeshwa kuwa virusi vya bakteria wanaounguza salfa, wanaoitwa SUP05, vinabeba jeni za kuunguza salfa hiyohiyo. Kirusi kikiingia kinaonekana kumsaidia mwenyeji kupata nishati hadi kazi ya kuzaliana iishe. Wengine husita kukiita kirusi cha namna hiyo muuaji. Sisi hatusiti, bakteria anakufa vilevile.

Ipo njia ya kukwepa kichujio mwanzoni: mwoteshe bakteria kwanza, kisha umchokoze atoe alichokibeba. Ndivyo kilivyopatikana vB_HmeY_H4907, kirusi cha bakteria Halomonas kutoka mashapo ya Mfereji wa Mariana, mita 8,900, kilichotangazwa mwaka 2023 na watafiti wa Qingdao, China. Halomonas ni mpenda chumvi asiye mgumu kuotesha, na jamaa zake hupatikana penye maji ya chumvi kwa jumla. Kwa hiyo mwalimu wa Mbeya anayetaka kuwafunza vijana hatua hizi asiende Matema kwenye maji yasiyo na chumvi. Ajaribu chemchemi za chumvi za Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Agari ianze na chumvi asilimia 5.

Koloni ikishatengwa na kuoteshwa kwenye mchuzi hadi uanze tu kuwa na ukungu (weupe wa bakteria waliojaa, si kuvu), igawe mara mbili. Moja iongezwe mitomisini C, dawa ya kumchokoza, mikrogramu 0.5 hadi 1 kwa mililita, nyingine iachwe. Zote zikae gizani, zipimwe ukungu kila saa. Iliyoachwa itaendelea kupanda. Yenye dawa ikishuka ghafla baada ya saa kadhaa, kuna kitu kimeamka. Ikishuka polepole tangu mwanzo, ni sumu ya dawa tu. Mitomisini inaharibu DNA ya binadamu pia, glavu ni lazima.

Kuona madoa kunahitaji mwenyeji asiyebeba kirusi hicho, kwa sababu aliyekibeba ana kinga. Changanya mikrolita 100 za mchuzi wenye dawa uliochujwa na kupunguzwa, na 200 za bakteria wachanga, subiri dakika 10, ongeza mililita 4 za agari laini ya asilimia 0.6 yenye nyuzi 45 hadi 48, mwaga juu ya agari ngumu ya asilimia 1.5. Agari ikizidi nyuzi 50 inaua mwenyeji, ikishuka chini ya 42 inafanya mabonge. Sahani zenye majimaji hutelezesha madoa yakaungana. Madoa 84 kwenye sahani iliyopunguzwa mara 100,000 ni sawa na milioni 84 kwa mililita.

Na sahani zote zikiota kitu kisichoeleweka, pamoja na zile tupu, angalia otoklevu (mashine ya kuulia vijidudu kwa mvuke) kabla hujamlaumu mwanafunzi. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Geji ikisoma psi 15 (paundi kwa inchi ya mraba), kama vitabu vinavyoagiza, ndani mna nyuzi 118, si 121. Huku geji inatakiwa isome karibu 18, na Njombe kidogo zaidi. Kama vali ya usalama ya mashine yako hairuhusu kufika huko, ongeza muda na uthibitishe kwa vichupa vya spora.